Moto Unaojizima Wenyewe

"Nyumbani kwangu moto haujazimika msimu wa baridi hata mmoja tangu nilipooa. Siku utakapozimika, nendeni mkanichimbie shimo."

Rajmund Pytlik aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya benchi, bilauri ya bia mkononi, manyoya meusi ya kofia yake ya sherehe yakigusa taa, mbele ya wachimba makaa ukumbi mzima. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Barbara, somo wetu wa migodini, siku ambayo wanaume hukaa meza mbili na kutukanana kwa nyimbo mpaka sauti ziwakauke. Meza ya kushoto ilimpigia makofi. Meza ya kulia ilimzomea, maana meza ya kulia haina kazi nyingine. Mke wake Elfryda hakuwepo, kwa sababu wanawake hawaingii kwenye karamu ile. Angekuwepo, nadhani angekohoa kidogo.

Moto wenyewe ulizimika mwezi wa pili, siku ya mazishi ya Elfryda. Hatukumchimbia Rajmund shimo. Lilikuwepo moja tayari, na halikuwa lake.

Ndipo mtaa mzima ulipoelewa kitu ambacho ungeweza kukielewa zamani kama ungekuwa na akili. Miaka yote ile aliyekuwa akishuka chumba cha chini ya nyumba kabla jogoo hajawika, akachokoa majivu, akatia makaa, akapanda na ndoo, alikuwa Elfryda. Rajmund alikuwa mtoboa mwamba. Ile mashine ya kutobolea ilimtikisa mikono ujana wake wote mpaka vidole vikafa. Huwa vyeupe kama mishumaa, na ukivichoma sindano havijibu. Mara mbili alishika mlango wa boila ukiwa wa moto, na akaendelea kuushika kwa utulivu kabisa hadi Elfryda aliposikia harufu ya nyama jikoni na kukumbuka kwamba hajapika nyama. Tangu hapo alipigwa marufuku kushuka kule. Kazi ya moto ikagawanywa vizuri: Elfryda akawa anauwasha, Rajmund akawa anausimulia.

Boila yenyewe, ya kupasha joto nyumba nzima, ilikuwa dude la chuma lililochomelewa na shemeji yake, kwa mabati ambayo mgodi mpaka leo haujui kwamba uliyapoteza. Ilikuwa inakula kila kitu. Makaa, magogo, viatu vibovu, na mwaka mmoja mti wa Krismasi mzima pamoja na mapambo. Moshi wake ulikuwa mweusi, na nguo za jirani zilizoanikwa zilikuwa zinarudi ndani zikiwa na rangi ya padre.

Binti yao wa pekee, Klaudia, anafanya kazi kwenye jiko la hospitali kule Bochum, Ujerumani. Alikuja kuzika, akaosha vyombo vyote, akapanga soksi za baba yake kwa rangi, akarudi kazini. Wiki hiyo baridi ilikaza hadi madimbwi yaliyoganda yakawa yanalia chini ya viatu. Wote tulidhani mwenzetu ameenda kumwashia mzee moto. Mtaa wetu una huruma sana, ila ni ile huruma ya kila mtu kudhani mwingine ameshakwenda.

Aliyekwenda mwishowe ni Ginter Musioł wa nyumba ya mkabala, aliyefanya kazi na Rajmund shimo moja, na ambaye hajawahi kubisha hodi maishani mwake. Alimkuta Rajmund jikoni, amevaa shati la mikono mifupi, anakula mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe pamoja na tango la chumvi. Chini ya sinki palikuwa na ndoo ya maji.

"Rajmund," Ginter akasema, "kuna barafu kwenye ndoo yako."

"Ipo?"

"Ipo. Huioni?"

"Sasa umeniambia, naiona."

"Wewe bwana, husikii baridi?"

Rajmund akatafuna tango, akameza, ndipo akajibu. "Daktari alisema ni vidole tu."

Chini ya nyumba maji yalikuwa yameganda kwenye mabomba, na boila ilikuwa imepasuka ubavuni, ufa mrefu wa kuingia mkono. Ginter alisimama mbele yake akavua kofia. Kisha akaivaa tena, maana kulikuwa na baridi.

Miezi ya baridi iliyobaki Rajmund aliimaliza na hita ndogo ya umeme aliyoazimwa, mlango wa jikoni umefungwa, akioga kwa Ginter kila Jumamosi. Hakulalamika. Hakulia pia. Watu wawili watatu walimwuliza anaendeleaje, akawaambia anaendelea, na ukimtazama ulikuwa unaona kwamba ni kweli, anaendelea, kama treni tupu inavyoendelea.

Mwezi wa tano Klaudia alipiga simu akiwa mkali. Rajmund alikuwa kwa Ginter, simu imewekwa mezani na sauti imefunguliwa, kwa hiyo mke wa Ginter alisikia, na kwa hiyo sote tumesikia.

"Baba, nimeongea na watu. Boila ya makaa kama ile huruhusiwi kuweka tena, unajua hilo?"

"Najua. Wameandika kwenye gazeti la parokia."

"Basi chagua nyingine. Ninayo hela kidogo na kuna ruzuku. Lakini chagua. Nitakuja sikukuu ya Watakatifu Wote, mwezi wa kumi na moja. Nikikuta nyumba ina joto, sawa, kaa. Nikikuta baridi, unapanda gari langu tunaondoka wote."

"Bochum nitafanya nini?"

"Utakaa."

"Kukaa hata hapa nakaa."

"Hapa utakaa mpaka ugande, baba. Ginter ameniambia habari ya ndoo."

Rajmund akamtazama Ginter. Ginter akatazama dari.

Bochum alishakwenda mara moja. Walimweka ghorofa ya tatu, kwenye kiti kizuri, akaangalia tramu zikipita hadi akazijua kwa sura. Alirudi akasema watu wa kule wanasalimiana kama wanaotozwa ushuru. Lakini hilo halikuwa jambo lenyewe. Jambo lenyewe lilikuwa makaburini. Jiwe la Elfryda ni jiwe la watu wawili, kama yalivyo mengi ya kwetu. Jina la Rajmund limeshachongwa pale, na mwaka wake wa kuzaliwa, na kistari, na baada ya kistari pameachwa mahali patupu.

"Nikifia kule nani atanileta?" akamwambia Ginter walipotoka nje.

"Usijali. Jina lako lipo tayari. Wanasubiri tarehe tu."

"Ndiyo maana nakwambia. Nisipokuwepo wataandika nini?"

Ginter akainama kufunga kamba za kiatu, bila mzaha wowote. Jambo hilo lilinitia wasiwasi kuliko mengine yote, kwa sababu Ginter ana mzaha hata wa kwenye ubatizo.

Ikaanza kazi ya kuchagua boila. Kwetu mtu akichagua mke, watu wanangoja wasikie. Akichagua boila, wanakuja nyumbani.

Ginter alikuwa wa kwanza, na alikuja na gesi.

"Gesi ni rahisi. Bomba linaingia, unawasha, basi. Hata majivu hakuna."

"Gesi," Rajmund akasema.

"Ndiyo, gesi."

"Wewe Ginter. Wewe mwenyewe. Ulikuwa nyuma yangu siku ile tulipotoka shimoni tunatambaa, kipimo cha gesi kinalia, Alfons amebaki nyuma. Maisha yangu yote nimeikimbia gesi. Leo unaniambia niifungulie bomba niikaribishe sebuleni."

"Hii ni gesi nyingine, bwana."

"Nyingine vipi? Ina pasipoti?"

Ikawa imeisha habari ya gesi.

Ya pili ilikuwa pampu ya joto. Mwalimu wa hesabu wa nyumba ya pembeni anayo: sanduku la bati nje ya ukuta, lina feni, linanguruma taratibu kama jokofu lililofukuzwa jikoni. Rajmund na Ginter walikwenda kuikagua wakiwa wamevaa makoti ya kanisani. Mwalimu aliwapa kahawa na akawaeleza mambo ya umeme kwa muda mrefu, akiwachorea mishale kwenye karatasi. Rajmund alisubiri amalize, akainuka, akaweka kiganja juu ya rejeta ya ukutani, lile bati la mabomba linalosambaza joto chumbani.

"Vipi?" akamwuliza Ginter.

Ginter akaweka wake. "Vuguvugu."

"Vuguvugu," Rajmund akarudia.

Kwa watu wa makaa, neno hilo ni cheti cha kifo. Kwetu rejeta inayofanya kazi ni ile inayokulazimisha uondoe mkono. Joto likizidi, hupunguzi moto, unafungua dirisha. Ndivyo tulivyolelewa, na ndiyo sababu mtaa wetu, ukiutazama mwezi wa kwanza, una theluji juu ya paa na madirisha yaliyo wazi chini yake.

"Bi Mwalimu, asante kwa kahawa," Rajmund akasema. "Mungu aiponye."

Mwalimu hakuelewa nani aponywe.

Ya tatu waliifuata mjini Rybnik, kwenye duka lenye vioo vikubwa. Ndani mlikuwa na maboila yamepangwa mstari, meupe, safi, utadhani meno. Muuzaji alikuwa kijana anayeitwa Oskar, mwenye tai nyembamba na viatu vilivyochongoka mbele.

"Karibuni wazee wangu. Tunatafuta nini leo?"

"Boila," Ginter akasema. "Mikate tumeshanunua."

Oskar akacheka kwa sababu ya kazi. Akawapeleka kwenye ile iliyo kubwa kuliko zote, yenye kioo mbele kama simu. "Hii unaiendesha kwa kidole kimoja. Jaribu, mzee wangu. Gusa hapo palipoandikwa joto."

Rajmund akagusa. Haikutokea kitu. Akagusa tena, akabonyeza, akasukuma mpaka boila nzima ikatikisika. Kioo kilibaki kimetulia na picha ya jua linalotabasamu.

"Polepole tu, mzee."

"Nimefanya polepole."

"Labda mikono ina baridi. Isugue kidogo."

Rajmund akasugua mikono yake, ikatoa sauti kama ya karatasi ya msasa. Akagusa kwa kidole cha shahada, cha kati, cha mwisho. Vidole vile havikuwa na damu ya kutosha kukishawishi kioo kwamba kuna mtu. Mwishowe, bila kubadilisha uso, akainama akagusa kwa pua. Boila ikalia *piii* na jua likaongezeka.

"Basi asubuhi nitakuwa naibusu hii," akasema.

Ginter alitoka nje akacheka huko. Oskar alikuwa ameshika tai yake kwa mikono miwili.

Kwenye kona ya nyuma palikuwa na boila nyingine, fupi, ya rangi ya kijivu, ambayo Oskar alikuwa hajaionyesha. Ilikuwa na tangi kubwa ubavuni na swichi ya kuzungusha, nene, ya plastiki nyeusi, ya kushika kwa mkono wote. Chini mlangoni kulikuwa na kioo kidogo cha duara. Nyuma ya kioo dukani walikuwa wameweka taa ya rangi ya chungwa inayopepesa.

Rajmund alisimama mbele yake muda mrefu.

"Hapa moto unaonekana?" akauliza.

"Unaonekana vizuri sana, mzee wangu."

"Wa kweli? Si taa?"

"Wa kweli. Hiyo ni taa ya dukani tu."

"Nachukua hii."

Ginter alikuwa amerudi anafuta macho. "Hujauliza hata inakula nini."

"Inakula nini?" Rajmund akamwuliza Oskar.

"Vidonge vya mbao. Unga wa mbao ulioshindiliwa." Oskar akachota kiganja kutoka kwenye ndoo. Vilikuwa kama chakula cha kuku.

"Kama sungura," Ginter akasema. "Utalala juu ya sungura, Pytlik."

Rajmund hakuuliza kitu kingine. Na hapo ndipo palipoharibikia, maana swali lililobaki lilikuwa moja tu, na Oskar angelijibu bure.

Fundi alikuja mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Anaitwa Zenon, mtu mwembamba anayezungumza na mabomba kuliko anavyozungumza na watu. Kwanza alilikata lile dude la shemeji vipande vipande, na kila kipande akakipiga picha.

"Za nini?" Ginter akauliza.

"Za ruzuku. Wanataka uhakika kwamba imekufa."

"Wanataka picha ya maiti."

"Wanazo fomu zake," Zenon akasema.

Rajmund alimshikia taa wakati wote huo. Taa haikutikisika. Cheche zilimrukia mkononi na yeye akawa anaziangalia zikizimika juu ya ngozi, moja moja, kama mambo ya mtu mwingine.

Boila mpya ikafungwa, ikatiwa vidonge, ikawashwa. Nyuma ya kile kioo cha duara moto ukasimama, mfupi, wa njano. Zenon alibandika karatasi nyekundu mlangoni yenye maandishi makubwa: USITIE MAKAA. Kisha akafuta mikono.

"Sikiliza, mzee. Nyumba ikishatosheka na joto, inajizima. Ikipoa, inajiwasha. Wewe unajaza tangi tu, hugusi kitu kingine."

"Inajizima."

"Inajizima."

"Yaani moto unazimika."

"Unazimika, halafu unawaka. Ndiyo usasa wenyewe. Wewe unalala."

Rajmund akamtazama kama mtu aliyeuziwa mbwa anayekufa kila jioni.

Tangu siku hiyo alipeleka kigoda chini ya nyumba. Ile marufuku ya Elfryda aliivunja bila maelezo. Alikaa mbele ya kile kioo na chupa ya chai, akiangalia moto kama watu wanavyoangalia mpira. Ukiwaka, alikaa. Ukizimika, alisimama. Ginter alimwita kwenye karata.

"Njoo bwana, tuko wawili, tunakosa wa tatu."

"Siwezi. Iko karibu kuzimika."

"Itawaka tena."

"Ndivyo anavyosema Zenon."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijui. Nangoja nione."

Na kila mara iliwaka tena. Haikumsaidia kitu. Kila ilipozimika, alisimama tena vilevile.

Nyumba ile, wakati huo, ilikuwa na joto kuliko zote mtaani. Padre aliyekuja kumtembelea alivua koti, kisha kola. Lakini padre ni mtu wa adabu, hakusema.

Siku moja kabla ya Watakatifu Wote upepo wa kusini ulivuma, ule wa uvuguvugu unaoumiza kichwa. Klaudia alikuwa njiani na gari tangu asubuhi. Na mtaa wote ulikuwa makaburini, maana hiyo ndiyo siku ya kusugua mawe kwa brashi na sabuni, ili kesho yake ndugu wakija kutoka mbali wasione ukungu na kutusema. Rajmund jiwe lake alikuwa amelisugua mapema. Kwa hiyo alikuwa peke yake, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Baada ya kifungua kinywa alishuka. Kioo kilikuwa cheusi. Akakaa. Akanywa chai. Kioo kikabaki cheusi. Nje kulikuwa na joto, ndani kulikuwa na joto, na ile mashine, kwa akili yake yote ya kisasa, haikuona sababu ya kuwaka. Rajmund alipanda akashika rejeta ya jikoni. Hakusikia kitu. Akashika ya sebuleni. Hakusikia kitu. Huwa hasikii kitu hata ikiwa inachemka, lakini siku hiyo hakukuwa na mtu wa kumkumbusha.

Akashuka tena. Kwenye kona ya chini ya nyumba bado kulikuwa na makaa aliyoyaacha Elfryda, na beleshi lake limesimama ukutani.

Sitaeleza alivyofanya, kwa sababu mafundi wanaweza kusoma. Inatosha kusema kwamba karatasi nyekundu aliisoma yote, kisha akafungua mlango huohuo, akatia makaa mabeleshi mawili pale vinapodondokea vidonge, akaweka magazeti na vijiti, akawasha kwa kiberiti. Mashine ikajaribu kuyala. Ikatafuna, ikakwama, ikapiga kelele, taa nyekundu ikawaka, na moshi ukatoka mahali pote ambapo Zenon aliapa kwamba hapatoki moshi. Rajmund akafungua madirisha yote ya nyumba.

Klaudia alipofika, jua linazama, upepo ulikuwa umegeuka na baridi imerudi. Alisimama mlangoni na sanduku lake na chungu cha maua ya manjano ya makaburini. Hakuvua koti.

"Baba, madirisha mbona wazi?"

"Moshi."

"Moshi wa nini?"

"Moto ulizimika."

Klaudia akashuka chini ya nyumba. Alikaa huko kidogo. Alipopanda alikuwa ameshika beleshi.

"Nani ametia makaa humu?"

"Mimi."

"Imeandikwa mlangoni usitie. Kwa herufi kubwa hivi."

"Nimesoma."

"Umesoma. Na bado ukatia."

"Ulizimika, Klaudia. Nilingoja, haukuwaka."

Alimpigia Zenon. Zenon alikuwa kwenye kaburi la mama yake, mji mwingine, na kesho yake hakuna fundi nchi nzima anayegusa spana. Akasema atakuja keshokutwa, akauliza ni nini kimetokea, akaambiwa, akatoa pole kama ya msiba. Klaudia akafunga madirisha. Akatoa begi la baba yake juu ya kabati, akalifungua kitandani, akaanza kutia soksi, kwa rangi. Rajmund alikuwa amesimama mlangoni anamwangalia.

"Hilo sweta ni la kanisani," akasema.

"Utakwenda nalo kanisani kule."

"Sawa."

Hakubisha. Wanaume wengine wangepiga meza. Yeye alikwenda jikoni akakata mkate wa watu wawili.

Kesho yake walikwenda makaburini pamoja na mtaa mzima, baada ya nyama ya kuviringisha na maandazi ya viazi kwa kina Ginter. Mishumaa ilikuwa imejaa mpaka juu ya kilima, na ukaribiapo jioni pale unasikia joto la mishumaa usoni kama mtu aliyefungua tanuri. Walisimama mbele ya lile jiwe: Elfryda na miaka yake miwili, Rajmund na mwaka wake mmoja na kistari. Ginter alikuwa nyuma yao na kofia mkononi.

Klaudia alikuwa anatetemeka ndani ya koti. Akamgeukia baba yake, ambaye alikuwa hajafunga hata kifungo.

"Baba, wewe husikii baridi?"

"Sijui."

"Husikii au hujui?"

"Sijui. Mama yako ndiye alikuwa anajua. Alikuwa anashika rejeta. Akisema joto, nilivua sweta. Akisema baridi, nilivaa."

"Miaka yote?"

"Tangu mikono ilipokufa. Na kabla yake pia, kidogo."

Klaudia akatazama mishumaa. "Na ile hadithi yako ya kwamba moto haujazimika. Ulijuaje?"

"Aliniambia."

"Mama alikuambia."

"Nilikuwa natoka zamu, namwuliza, moto upo? Ananiambia upo."

Ginter alianza kukohoa. Klaudia hakumngoja amalize.

"Ulikuwa unazimika, baba. Mara nyingi tu. Makaa yakiwa na maji, au yeye akiugua, au akilala tu kama watu. Tulikuwa tunawasha upya kabla hujafika. Mimi nilikuwa napuliza, yeye anaangalia dirishani kama unakuja. Ukifika, moto upo."

Watu walikuwa wanapita nyuma yao na maua, wakisema Mungu atubariki, naye Rajmund akawa anaitikia kila mmoja.

"Mara ngapi?" akauliza mwishowe.

"Sikuhesabu."

"Lakini ulikuwa unawaka tena."

"Kila mara."

Akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayeelezwa njia. "Kama hii ya Zenon."

"Kama hii ya Zenon, baba. Ila sasa hakuna anayekuchungulia dirishani."

"Basi ningeachwa tu niizoee," Rajmund akasema. Aliyasema akilitazama jiwe, na haikujulikana anamwambia nani. Kisha akainama kuunyoosha mshumaa mmoja uliokuwa umeinama, akaushika palepale kwenye moto. Klaudia akamkamata mkono, akauondoa.

"Moto," akamwambia.

"Asante," akasema baba yake.

Usiku walilala na makoti. Asubuhi begi lilikuwa limerudi juu ya kabati, na sijui nani alilirudisha, maana hakuna aliyelizungumzia. Zenon alikuja na ndoo na uso wa mazishi, akaitoa mashine matumbo yake yote, akayasafisha, akayarudisha. Ilipowaka, Klaudia akamkalisha baba yake kwenye kigoda na yeye akakaa juu ya ndoo, wakasubiri. Moto ukasimama wima, wa njano. Baada ya muda nyumba ikatosheka, kioo kikawa cheusi. Rajmund hakuinuka. Baadaye kikawa cha njano tena.

"Umeona?" Klaudia akasema.

"Nimeona."

"Mpaka Pasaka. Halafu nitakuja tena tuone."

Aliondoka Jumapili baada ya misa. Makaa yaliyobaki aliwagawia majirani wenye majiko ya zamani, nami sitawataja. Beleshi alilitia kwenye buti la gari, chini ya sanduku, akavuka nalo mpaka wa nchi hadi Bochum, ambako hakuna hata mtu mmoja wa ghorofa ya tatu anayelihitaji. Jikoni, ukutani juu ya meza, alitundika kipimajoto cha duara chenye namba kubwa nyekundu. Kikisema ishirini, Rajmund huvua sweta. Kikisema kumi na saba, huvaa. Akicheza karata kwa Ginter huondoka saa yoyote, huenda kukisoma, hurudi na kuendelea palepale alipoachia.

"Kinasemaje?" Ginter humwuliza.

"Joto."

Kilinunuliwa kwenye duka la vyombo, mkabala na kanisa. Bei, zloti kumi na tisa.